Siku Kinyongo Alipojivua Ngozi

Watu wakila mkate wa Mjomba husifu unga. Hakuna anayemsifu Kinyongo, joka wa tanuri lake, wala mimi niliyezeeka naye shimoni chini ya tanuri. Katika mji wetu kila tanuri lina joka wake, na kila joka ana mtu mmoja tu anayemtambua: yule aliyekuwa mbele yake macho yalipofunguka baada ya kujivua ngozi. Mtu huyo akivuka daraja, joka anapoa, na akipoa anakufa. Basi mtu huyo haondoki.

Mimi nilisukumwa ndani nikiwa msichana. "Kaa naye kidogo tu, mama, nakuja sasa hivi," Mjomba aliniambia. Kidogo hicho kimemeza ujana wangu wote.

Hata kuolewa nimeolewa humo humo. Mume wangu anachonga mawe ng'ambo ya mto, na ana nyumba ya vyumba viwili ambayo sijawahi kuitia machoni. Hunisimulia tu: jiko limekaa hivi, mlango unafunguka vile. Aliwahi kulala kwangu, kwenye chumba changu cha juu ya tanuri. Asubuhi Kinyongo akaninusa, akanuna, na mikate ikatoka mibichi siku nzima. Mjomba akampiga mume wangu marufuku. Tangu hapo ndoa yangu ni ya kuagana mlangoni kabla jua halijazama. Nina mke mwenza mwenye magamba.

Ndiyo maana ngozi yake ilipoanza kupauka na macho kuingia ukungu, nilicheka peke yangu kama mwehu. Joka akijivua anakuwa kipofu na anasahau kila kitu ila harufu. Akimkuta mtu mwingine mbele yake, huyo ndiye wake. Nikamwambia Mjomba safari hii sikai, na akileta maneno naondoka hivyo hivyo, tanuri lizimike. Alizunguka weee, mwisho akakubali shingo upande. Mwanawe akajitolea kunipokea zamu. Tunamwita Bingwa, kwa sababu ukimsikiliza hakuna kitu asichokiweza.

Siku yenyewe nilitoa shimoni kila chenye harufu yangu: mkeka, kikombe, kitana, kitambaa cha kichwa. Nikafagia mpaka nywele. Nje mume wangu alikuwa na mkokoteni, amelifunga godoro langu kamba nyingi utadhani tunavuka jangwa.

"Umebakiza nini?" akaniuliza.

"Kuondoka tu."

Nilikuwa na furaha tele. Bingwa akaingia shimoni kifua mbele, Mjomba akarudishia mlango, nasi tukaanza kusukuma.

Hatujafika hata kona, nikamsikia Kinyongo. Mikoromo yake naijua yote, wa njaa na wa kudeka. Huu ulikuwa wa kukosa pumzi. Ngozi ya zamani ilikuwa imekwama puani. Hutokea, unailowesha kwa maji ya vuguvugu, unaivuta taratibu kuanzia kwenye paji. Bingwa nilimwonyesha mpaka nikachoka, naye akanijibu, "Dada, hilo dogo."

Sasa Bingwa huyo huyo alikuwa nje, kaikumbatia nguzo ya mlango. Babake anamsukuma arudi, yeye anang'ang'ania. "Siwezi kumshika, dada," akaniambia. "Ananitoa roho."

Mume wangu akanishika mkono. "Tembea. Akifa, hajafa mikononi mwako."

Si mtu mbaya, ni mtu aliyengoja sana. Na alisema kweli, kwa maana Kinyongo akifa, hakuna tena wa kunifunga. Nilimchukia joka yule, nasema wazi. Lakini pumzi yake nimelala nikiisikia chini ya kitanda changu tangu utoto, na sasa ilikuwa inakatika.

"Vua shati," nikamwambia Bingwa. Nikalivaa juu ya nguo zangu, likinuka jasho lake na manukato yake ya bei rahisi. Mikono nikaipaka majivu. Nikamgeukia mume wangu. "Usifungue kamba. Nakuja sasa hivi."

Kinyongo alikuwa amelaza kichwa sakafuni, mbavu zinapanda na kushuka, macho yote ukungu. Sikumsemesha. Nikalowesha, nikavuta kidogo kidogo, na ngozi ikatoka nzima kama soksi kwenye mguu uliolowa. Akavuta pumzi ndefu. Alipoishusha, juu yetu tanuri likanguruma kwa moto.

Nikarudi nyuma kuelekea mlangoni, na hapo ilinipasa nitoke mbio kabla macho yake hayajafunguka. Yeye akasogeza kichwa huku akinusa chini, akaweka kidevu juu ya mguu wangu, kama afanyavyo kila akishiba. Shati lilinifika magotini. Miguu yangu, iliyokanyaga shimo lile miaka yote, nilikuwa sijaikumbuka.

Ningeweza kuuvuta mguu. Nilimwacha apumzike kidogo tu. Ukungu ukamtoka machoni, akanitazama, akapiga mkia sakafuni kwa furaha, mjinga yule.

Nilipotoka, Mjomba alikuwa tayari anaagiza masinia ya mikate. Akaniona uso, akajitia kuhesabu magunia ya unga. Bingwa akadai shati lake, nikampa.

Mume wangu alikuwa pale pale, mikono kwenye mkokoteni, kamba zote kama alivyozifunga. Nikasimama mbele yake.

"Dirisha la chumba cha kulala," nikamwuliza, "ulisema linatazama wapi?"

"Mtoni," akajibu. Kisha akainama, akaanza kufungua kamba.