Kiti Kisichosogea

Meza ya jikoni ilikuwa haionekani. Ramani ya Ufaransa ilikuwa imeifunika yote, mume wangu Régis amekaa upande wa Brittany, dada yake Huguette upande wa Alsace, na mimi nimesimama huku kwetu kaskazini, Amiens, na kalamu nyekundu mkononi. Wiki nzima kwa gari, njia za vijijini tu, na kila mchana mkahawa wa maana, wa vitambaa vyeupe mezani.

"Jumapili jioni na Jumatatu wanafunga," nikasema, "kwa hiyo tunaondoka Jumanne. Tunalala Troyes. Jumatano tuko Burgundy, mayai ndani ya mchuzi wa mvinyo mwekundu."

Régis akameza mate. "Na jibini?"

"Wanaileta mezani kwa kigari cha kusukuma, unachagua mwenyewe."

"Ya Époisses ipo?"

"Inanuka mpaka barabarani."

Akapiga makofi. Mtu mzima mwenye mvi, lakini ukimtajia jibini anakuwa mtoto wa chekechea.

Huguette akanikanyaga mguu chini ya meza. Yeye peke yake ndiye aliyejua ninachokitafuta. Kula napenda, sikatai, lakini safari hii nilikuwa nimeipanga kwa ajili ya kitu kimoja: usukani wa ile Peugeot 404 iliyoko gereji ya hapa nyumbani, gari la marehemu baba mkwe. Mimi nilikuwa muuguzi wa vijijini. Nimeendesha kwenye barafu na kwenye ukungu kwenda kuchoma watu sindano, lakini 404 sijawahi hata kuitoa nje ya lango. Kila nikiomba, jibu la Régis ni lile lile: kiti cha dereva hakisogei, kimeshikwa na kutu tangu enzi za baba, na wewe Odile miguu yako haifiki. Kigari changu nilikiuza nilipostaafu. Tangu hapo nimekuwa nikibebwa kama gunia la viazi, na nilikuwa nimechoka.

Basi nikachagua mikahawa ambayo mtu hawezi kula kwa maji matupu.

"Ijumaa kuku wa Bresse," nikaendelea. "Halafu Jumamosi tunapanda milima ya Jura. Uyoga wa porini kwa krimu, na ule mvinyo wao wa manjano. Mwenye mkahawa ameniwekea chupa moja. Ya hamsini na tisa."

Régis akasimama. Ndio mwaka aliozaliwa.

"Hamsini na tisa? Umeipata wapi?"

"Nimepiga simu mpaka sikio likawaka moto."

Akanikumbatia, akanibusu utosini, akaanza kuzunguka jikoni akisema peke yake. Huguette hakuweza kuvumilia zaidi.

"Sasa kaka, ukishamaliza hiyo chupa, nani anaendesha?"

"Mimi. Nitaonja kidogo tu."

"Kidogo! Na trafiki wamejaa kwenye kila mzunguko baada ya chakula cha mchana, wanakusubiri upulize kipimo cha pombe."

"Basi nitatema, kama waonjaji wa mvinyo."

"Utatema ya hamsini na tisa? Ukiitema nakushtaki mimi mwenyewe."

"Wewe si upo? Endesha wewe."

"Mimi leseni sina, na kiu ninayo."

Régis akanitazama, akatazama ile mistari myekundu kwenye ramani, akanitazama tena. Uso ukambadilika. "Mmenipangia."

"Ndiyo," nikasema, nikaiweka kalamu chini. "Nimekupangia, kuanzia sahani ya kwanza mpaka ya mwisho. Nataka kuendesha lile gari, Régis. Nataka kuingia Jura nimeshika usukani mwenyewe. Kama hutaki sema sasa hivi, nifute yote, na hiyo chupa aifungue mtu mwingine."

Alichukua ufunguo wa gereji ukutani akatoka, na mlango ukabamizwa.

"Wifi," Huguette akanong'ona, "hapa tumelikoroga."

Furaha yote ikaniishia. Nilianza kukunja ramani. Ndipo tukasikia nyundo inagonga chuma.

Tulimkuta gereji amelala kifudifudi, nusu ndani ya gari na miguu nje, grisi mpaka kwenye viwiko. Pembeni ya reli ya kiti alikuwa amechora mstari kwa chaki.

"Hapo ndipo baba alipokiacha," akasema bila kugeuka. "Sitaki kupasahau."

Nikajua basi kwamba haikuwa kutu peke yake. Nilimwonea huruma, karibu nimwambie aache.

"Ni kwa ajili ya chupa?" nikamuuliza.

"Chupa nayo imo." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Lakini siku zote ulikuwa unaniomba kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Nilidhani ni utani. Leo nimekuona uso."

Akaegemeza bega, akasukuma. Kiti kikapiga kelele kubwa, kikasogea mbele. Huguette akashangilia kama yuko uwanja wa mpira.

"Kaa," Régis akaniambia.

Nikakaa. Miguu ikafika kwenye pedali zote. Akainama, akachora mstari wa pili pale kiti kilipofika, mahali pangu, kisha akazunguka na kuingia upande wa abiria, pale nilipokaa mimi tangu tuoane. Jua la jioni lililoingia mlangoni likampiga moja kwa moja. Akajikinga kwa mkono.

"Huku jua linachoma macho namna hii?"

"Miaka yote," nikamjibu.

Akamwomba Huguette ile ramani aliyotoka nayo jikoni, akaifungua magotini mwake, kichwa chini miguu juu.

"Haya, dereva," akasema. "Troyes ni upande gani?"

Nikamgeuzia ramani, nikawasha gari.