Taja Mtoto Mmoja

Siku Ubah Rooble alipopeleka fomu ya kugombea kiti cha bodi ya shule, karani wa mji mdogo wa Norgaard alimtazama juu ya miwani, akaitazama fomu, kisha akamtazama tena.

"Wewe si yule mkalimani?"

"Ndimi."

"Nilidhani umemletea mtu mwingine," karani akasema, akagonga muhuri.

Hakukosea sana yule karani. Kwa miaka kumi na miwili kazi ya Ubah ilikuwa kubeba maneno ya wengine. Aliketi katikati ya mwalimu na mzazi, akachukua cha huyu akampa yule, na kikao kilipokwisha wote wawili walipeana mikono wakamsahau yeye kitini. Wasomali walikuja Norgaard kwa sababu ya kiwanda cha bata mzinga, wakabaki kwa sababu ya shule. Sasa darasani kila mtoto wa tatu alikuwa wao, na katika bodi hakuwamo hata mmoja. Kwa hiyo watu wa msikitini walifurahi Ubah aliposimama. Haji Guled, imamu, alimwombea dua mbele ya watu. Wanawake wa kiwandani wakapika sambusa za mikutano. Na Bi Marlys Eklund, mzee mwenye asili ya Kinorwe aliyekuwa mtunza maktaba wa shule mpaka alipostaafu, akajitwika kumtembeza nyumba kwa nyumba upande wa wazungu, akimtangulia mlangoni ili mbwa wasibweke.

Ahadi ya Ubah ilikuwa moja: kila shule iwe na muuguzi wake kutwa nzima, na kabatini mwake kuwe na ile dawa ya kupuliza puani inayomzindua mtu aliyezidiwa na vidonge. Bodi ilikuwa imeikataa dawa hiyo miaka mitatu nyuma.

"Ni jambo zuri," Bi Marlys alimwambia wakiwa garini, "lakini watu wananiuliza kwa nini wewe. Kwa nini hilo. Ungewapa kisa, Ubah. Watu hawapigii kura kabati."

"Sina kisa, Bi Marlys."

Alikuwa nacho. Waliokijua chote ni wachache mno, na aliyekuwa mwenye kisa hicho hakuwa Ubah. Alikuwa dada yake mkubwa, Shukri.

Mwaka uliotangulia, mwezi wa Machi, Ubah alipigiwa simu kutoka sekondari. Njoo haraka, walisema, kuna mama anahitaji mkalimani. Aliendesha gari kuvuka reli akiwaza ni mama gani tena ambaye mwanawe amepigana. Alipofungua mlango wa ofisi akamkuta Shukri, ametolewa kiwandani hivyo hivyo, buti za mpira miguuni, kofia ya wavu juu ya mtandio. Mwalimu mkuu alikuwa mgeni, hakujua kwamba wale ni ndugu. Polisi alisimama na daftari lake.

"Tafadhali mfasirie," mwalimu mkuu akasema.

Ubah akafasiri. Kwamba Zakariya amekutwa chooni, ghorofa ya pili. Kwamba alimeza kidonge kilichofanana na dawa ya maumivu, kumbe ni cha bandia, kimetiwa sumu ya fentanili. Kwamba muuguzi ana shule tatu na leo ilikuwa zamu ya nyingine. Kwamba amefariki. Alimwambia dada yake hayo yote kwa sauti ile ile ya kazini, kwa sababu hakuwa na sauti nyingine karibu.

Lakini polisi alisema na jambo jingine. Alisema mwalimu aliyemkuta alimkuta bado anapumua. Gari la wagonjwa lilichukua dakika kumi na tisa kufika, na mle shuleni hamkuwa na dawa ya kumzindua. Mkalimani hapunguzi neno. Ndicho kiapo cha kwanza cha kazi. Siku ile Ubah alipunguza. Aliyameza yale, akasema, "Pole, dada. Amekwenda."

Shukri hakulia. Alivua kofia ya wavu, akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha akasema neno lake la kwanza: "Waambie watu ni moyo."

Basi Ubah akawaambia watu ni moyo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kwao hata kifo chenyewe kilifichwa. Zakariya alizikwa akiwa kijana wa miaka kumi na sita aliyezaliwa na moyo mdogo, na watu walimlilia vizuri.

Mdahalo wa wagombea ulifanyika Oktoba, Jumamosi mchana, katika ukumbi wa michezo wa ile sekondari. Ubah alimbembeleza dada yake wiki nzima aje.

"Nikafanye nini? Kiingereza chenyewe nakisikia nusu."

"Ukae tu, dada. Nikikuona sitatetemeka."

Shukri akaja, akaketi safu ya tatu pamoja na wanawake wenzake wa kiwandani. Nyuma yao aliketi msichana mmoja wa chuo, akiwafasiria kwa kunong'ona.

Mpinzani wa Ubah aliitwa Duane Halvorsen, muuza mbegu, mjumbe wa bodi kwa miaka kumi na mmoja. Hakuwa mtu mbaya. Wakati wa theluji alikuwa akiwasafishia wajane njia bila kuombwa, na mmoja wa wajane hao alikuwa Msomali. Lakini aliupenda mji wake kama mtu anavyompenda mama yake, hataki kusikia kwamba ana ugonjwa.

"Namheshimu huyu mama," alisema kwenye kipaza sauti. "Lakini sikilizeni. Dawa ile ni ya miji mikubwa. Tukiiweka hapa tunawaambia watu kwamba Norgaard ni mji wa mateja. Nimeishi hapa miaka hamsini na nane. Hatuna tatizo hilo." Akamgeukia. "Kama lipo, Ubah, taja mtoto mmoja. Mmoja tu."

Watu wakapiga makofi. Nyuma mtu akapaza sauti, "Mtaje!" Mwingine akacheka, "Atamtoa wapi?"

Ubah alitazama safu ya tatu. Shukri alikuwa akitikisa kichwa, taratibu, kama mtu anayemkataza mtoto kugusa sufuria ya moto. Baadaye Ubah alijiuliza mara nyingi kama alisema kwa ajili ya watoto walio hai, au kwa sababu alidhihakiwa mbele ya watu akashindwa kuvumilia.

"Zakariya Yusuf," akasema. "Mwana wa dada yangu. Mlimfundisha nyinyi. Alikufa humu humu, juu ya hizo ngazi, kwa kidonge kimoja. Alipokutwa alikuwa anapumua. Alipumua dakika kumi na tisa, Bwana Halvorsen, akisubiri gari, kwa sababu kabatini hamkuwa na kitu. Hamkuwa na kitu kwa sababu mliinua mikono mkakataa."

Halvorsen alibaki ameshika kipaza sauti, uso umemwiva. Yule msichana wa chuo alikuwa ameacha kufasiri tangu jina lilipotajwa, lakini haikusaidia. Jina Shukri alilisikia, na namba za Kiingereza alizijua zote, kwa sababu kiwandani kila kitu ni hesabu. Alisimama, akapita mbele ya magoti ya wenzake, akatoka. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, hata safu ya tatu ikabaki viti vitupu.

Bi Marlys alimkumbatia Ubah nje akilia. "Umeshinda, mwanangu. Umeona nyuso zao?"

"Sikuona nyuso zao," Ubah akasema.

Wiki ile ile Haji Guled alifika nyumbani kwake. Alikataa chai.

"Maiti ana sitara yake, Ubah. Sisi tuliomwosha yule kijana tuliambiwa moyo, na mimi nikasema moyo mbele ya jeneza. Leo umenifanya mwongo juu ya kaburi."

"Haji, wapo wengine. Wewe unajua wapo. Umewazika mwenyewe."

Haji akatazama viatu vyake mlangoni. "Nawajua," akasema. "Ndiyo maana nanyamaza. Wana mama zao."

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Binti wa Shukri, Ifrah, alikuwa ameposwa na familia moja ya mji wa Columbus. Nguo zilishanunuliwa. Wale watu wakapiga simu, wakasema kwa adabu nyingi kwamba kijana wao ameamua kusoma kwanza. Kiwandani, wanawake walioketi na Shukri miaka saba kwenye meza moja ya kukata mapaja waliacha kumuuliza habari za nyumbani. Hawakumtukana. Walimhurumia, na huruma ile ilimfukuza Shukri mezani. Aliomba ahamishiwe chumba cha baridi, ambako mtu hufanya kazi na koti na hasemi na yeyote.

Upande wa pili wa mji yalitokea mambo ambayo Ubah hakuyategemea. Dukani, mbele ya rafu ya maziwa, mwanamke mmoja wa kizungu ambaye hakumjua alimshika mkono wa koti. "Wangu tulisema ni ajali ya gari," akanong'ona, akaondoka akisukuma mkokoteni wake upesi. Mwingine alimwachia barua ya namna hiyo hiyo, bila jina. Ubah alianza kuhesabu moyoni: watoto watano au zaidi katika mji wa watu elfu tisa, na wote walikufa kwa kitu kingine.

Siku ya kura iliamka na mvua iliyochanganyika na theluji. Kwenye kituo cha upande wa msikiti, ambako katika uchaguzi uliotangulia walipiga kura watu mia tatu, walijitokeza tisini na wawili. Halvorsen alishinda kwa kura sitini na nne. Alimpigia Ubah simu kumpa pole, akasema hakujua habari za yule kijana, akaapa kwa namna ya kwao kwamba hakujua. Ubah akamwambia, "Hukuuliza."

Siku ya tatu Shukri akaja nyumbani kwa Ubah. Hakuwa amekanyaga pale tangu mdahalo. Alisimama sebuleni na koti lake.

"Sitini na nne," akasema.

"Keti, dada."

"Umemuuza mwanangu, Ubah, na bei yenyewe haikutosha."

Ubah alifungua mdomo, Shukri akamzuia kwa kiganja.

"Aibu nimeizoea. Ifrah ataolewa au hataolewa, Mungu anajua. Sikujia hilo. Dakika kumi na tisa. Ulizijua?"

"Nilizijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ofisini. Polisi alisema. Sikukufasiria."

Shukri akaitika kwa kichwa kama anayehakikisha mzani. "Mwaka mmoja na nusu. Mimi niliyemzaa, nimejua kwamba mwanangu alikuwa hai sakafuni siku moja na muuza mbegu. Umeniketisha safu ya tatu nikasikie pamoja na watu." Akafunga kifungo cha juu cha koti. "Ungeniambia, pengine ningekwenda kusema mwenyewe. Hukuniuliza."

Akatoka. Ubah hakumfuata.

Majira ya baridi yalipita hivyo. Ubah aliendelea na ukalimani, lakini baadhi ya akina mama walianza kuomba mkalimani wa simu, mtu wa mbali asiyejua jina la mtu. Februari, bodi ilikutana. Halvorsen mwenyewe alitoa hoja: muuguzi wa kudumu sekondari, na dawa ya puani katika kila jengo. Alisoma kwenye karatasi bila kuinua macho. Mikono saba ikainuka. Hakuna aliyemtaja Zakariya wala Ubah, na ajenda ikaendelea na paa la gereji ya mabasi.

Jumapili iliyofuata, asubuhi, Ubah alikwenda kwa dada yake. Ifrah alimfungulia, akampisha bila salamu. Shukri alikuwa jikoni akimimina uji wa canjeero, ile mikate laini ya Kisomali, kwenye kikaango kwa mzunguko, kutoka katikati kwenda nje. Hakugeuka.

"Wamepitisha," Ubah akasema.

"Nimesikia."

Canjeero ikatoboka matundu, ikaiva. Shukri akaitoa, akamimina nyingine. Kisha akazima jiko.

"Ifrah, kaa chumbani. Wewe, keti hapo." Akaketi mbele yake, mikono ikiwa na unga. "Leo huna bodi wala kura. Fanya kazi yako. Nifasirie yote aliyosema yule polisi, neno kwa neno, na usipunguze."

Ubah akaanza. Alisema ni saa ngapi mlango wa choo ulifunguliwa, na nani alifungua. Alisema yule mwalimu aliyemkuta, wa hesabu, alipiga magoti akamgeuza kijana ubavu, akawa anamwita jina, akilikosea matamshi, lakini anamwita. Alisema nani alikimbilia chumba cha muuguzi akakuta kimefungwa, na nani alisimama barabarani akipunga mikono gari lisipitilize. Kila Ubah alipotulia, Shukri alisema, "Endelea." Ilichukua muda mrefu kuliko dakika zenyewe. Shukri hakumsamehe siku ile, na hata sasa ukiwaona pamoja harusini utadhani ni jirani tu. Lakini alisikiliza mpaka mwisho, na mwisho akauliza swali moja.

"Sakafu ile ni ya vigae. Hakuona baridi?"

"Mwalimu alimfunika koti lake."

"La rangi gani?"

"Sijui, dada. Polisi hakusema."

"Kaulize."

Jumatatu, kabla ya kengele ya kwanza, Ubah alimkuta yule mwalimu wa hesabu akipanga viti, akamuuliza. Mwalimu alikaa kwanza kwenye kimojawapo, ndipo akajibu. Lilikuwa la kijani.