Papa Hemedi Alijaza Réservoir

Kisangani yote inajua kama mimi Bilali ni fundi mwenye mudomo. Nikikuta mutu amekaza boulon mupaka imekatika, naitukana boulon, namutukana mutu, namutukana na yule aliyemufundisha. Wateja bamezoea. Lakini Papa Hemedi, baba ya Karima, hakuzoea. Siku nilienda kwake kusema namupenda mutoto yake, alikunywa chai polepole, kisha akasema: "Kazi yako ni nzuri, Bilali. Lakini mutu ya makelele sitamupa Karima. Nitakuangalia kwanza. Nikikusikia mara moja tu unamupigia mutu kelele, usirudi tena hapa."

Donc, nikanyamaza. Wallahi, nilinyamaza! Mutu aliniletea carburateur ameiosha na sabuni ya nguo, nikamwambia tu, "Pole, papa." Mudomo uliniuma sababu ya kuufunga.

Bon. Mimi niko na piki yangu ya cross. Si sawa hizi za taxi zimejaa mujini. Yangu ni deux temps: moteur yake haina mafuta yake chini sawa zile zingine. Mafuta unayachanganya mwenyewe na essence, ile petroli, ndani ya bidon, kisha unamwaga katika réservoir, tangi ya piki. Ukitia essence peke yake, piston inakauka, inashika ndani ya cylindre, kwisha habari. Ile piki niliinunua ikiwa vipande vipande ndani ya mufuko wa muchele, nikaiunganisha na mikono yangu. Naipenda mupaka nasikia haya.

Asubuhi moja Papa Hemedi akafika garage. Alitaka kwenda kuangalia shamba lake kule njia ya Bangboka. "Niazime piki, mutoto yangu." Mimi nani nimukatalie? Akapandisha kanzu mupaka magoti, akapanda juu ya ile kiti ndefu, miguu haifiki chini, tukamusukuma. Aliondoka ameshika kofia na meno.

Sasa, kwetu hapa, mutu ya heshima akiazima piki hairudishi réservoir ikiwa tupu. Ni haya kubwa. Na kwa heshima, hakuna anayemupita Papa Hemedi. Akasimama kwa muuza essence ya chupa pembeni ya barabara, akajaza mupaka juu. Essence safi, bila tone la mafuta.

Piki ilirudi juu ya pousse-pousse, mukokoteni ya kusukuma. Muzee alikuwa nyuma yake, anatabasamu. "Imezimika yenyewe," akaniambia. "Lakini usijali, nimeijaza!"

Nikafungua mudomo. Karima, anayeuzaga mikate mbele ya garage, akanikazia macho. Nikaufunga. "Aksanti, papa," nikasema. Machozi yakanitoka, muzee akafikiri ni ya furaha.

Nikatoa culasse, kile kifuniko cha juu ya moteur, nikavuta cylindre. Piston imekwaruzwa pande zote, aïe, mama yangu! Bahati nilikuwa na piston ingine na segments zake, zile pete nyembamba zinazoizunguka. Ningetengeneza pole pole na uchungu wangu, lakini Papa Hemedi hakukubali kuniacha peke yangu na taabu. Alikuja kila siku kunisaidia.

Kwanza akachukua segment, akaitanua na vidole aone nguvu yake. Tak! Ikakatika. "Hii haikuwa imara," akaniambia. "Bora tumejua mapema." Nikatafuta ingine mujini kote. Kesho yake nikakuta joint mupya ya culasse, ile bamba nyembamba ya kuziba, iko chini ya birika yake ya chai. Na filtre ya hewa, ile ya mousse, laini sawa sponji? Niliitafuta mupaka nikaikuta kwa Karima, inasugua sufuria ya mikate. Muzee alifikiri ni éponge chafu imetupwa. Nilienda nyuma ya garage, nikauma kitambaa.

Siku ya kuiwasha, batu ba quartier bakajaa. Nikapiga kick, nikapiga tena, pa-pa-papapapa! Moshi ya bluu ikatufunika. Kelele ya deux temps ikianza, mutu anaweza kulia karibu yako usimusikie. Hapo shetani akanipa wazo. Papa Hemedi alikuwa ameinama mbele yangu, anagusa-gusa chini ya réservoir, nikafikiri anaangalia kama inavuja. Nikafungua gaz, moteur ikanguruma zaidi, nikatabasamu na meno yote, nikaanza kumutapikia yote iliyokuwa tumboni.

"Muzee mubishi weye! Segment yangu! Filtre yangu! Birika yako na ikauke!"

Muzee akaitika na kichwa, ameridhika kabisa. Eeh, nilisikia raha! Moteur ikapandisha sauti yenyewe, na mimi nikapandisha yangu. Fundi mwenye akili angejua kama deux temps inalia hivyo wakati essence haifiki tena. Mimi akili ilikuwa mbali.

Ikazimika.

"...KAMA SI JU YA KARIMA NINGEKUFUNGA NA HII CHAÎNE YA PIKI MUPAKA KIYAMA!"

Batu bote bakanigeukia. Mukono wa Papa Hemedi ulikuwa bado juu ya robinet, ile koki ya essence chini ya réservoir. Aliifunga, maskini, ili essence yangu isiishe bure.

Nikakaa chini. Karima aliweka mikono juu ya kichwa. Nilijua nimemupoteza.

"Na ndani ya ile kelele, ulisema segment pia?" muzee akaniuliza.

"Ndiyo, papa."

"Yote hiyo ilikuwa tumboni tangu siku ile ya shamba?"

"Tangu siku ile."

"Na ulinyamaza ju ya Karima."

"Ju ya Karima, papa. Nimechoka sana, lakini namupenda."

Muzee akavua kofia, akajifuta uso, akajipaka masizi zaidi. "Mimi niko na mama yake tangu ujana wangu," akasema. "Sijameza neno hata moja ju yake." "Ambia baba yako akuje Ijumaa, nyuma ya swala, tuzungumuze mahari."

Halafu akaenda kwake, bila kuaga mutu. Karima alinihadithia kama ule muchana mama yake alikosea, supu ya samaki ikawa chumvi mutupu. Papa Hemedi aliinywa yote, akaomba ingine.