Winchi ya Njano

Cornel alikuwa mtu asiyeuliza njia. Miaka yote aliyoingia na kutoka Guangzhou hakujifunza kusoma hata alama moja ya Kichina, lakini alijifunza majengo. Lile refu lenye milingoti miwili kichwani aliliita Pembe. Kumbi za maonyesho za Pazhou, zenye paa la kupanda na kushuka, aliziita Mawimbi. Ule mnara uliokuwa unasokotwa kando ya mto aliuita Kiuno, ingawa ulikuwa bado haujafika kifuani. Mgeni akitua kutoka Mbeya au Lubumbashi, anapelekwa kwa Cornel. "Iweke Pembe begani kushoto," anamwambia, "tembea mpaka Kiuno kijifiche nyuma ya hoteli. Hapo ndipo penye mabegi ya jumla." Watu wakampachika jina la Ramani, naye akalipenda.

Shida ni kwamba ramani yake ilikuwa inaota. Unakwenda nyumbani kuuza mzigo, ukirudi unakuta Pembe imefichwa na ghorofa uliloliacha likiwa shimo la maji. Cornel alicheka tu, akalipa ghorofa jipya jina, maisha yakaendelea.

Mwaka ule wa Olimpiki ya Beijing viza zikabana. Dada yake mdogo, Kissa, alikuwa amekuja kwa mara ya kwanza kununua nguo za watoto. Viza yake ikaisha mzigo ukiwa bado kiwandani, na alipoomba kuongezewa akakataliwa. Polisi walipoanza kupita mlango kwa mlango kule walikokuwa wanaishi, Cornel akamhamisha jioni, mvua inanyesha. Akampeleka upande wa Pazhou, ndani ya kijiji cha zamani ambacho mji ulikuwa umekizunguka pande zote. Dalali Mchina ndiye aliyewaongoza, nao wakamfuata kisogo katika vichochoro ambavyo nyumba zake zimesogeleana hata jirani anaweza kukupa chumvi dirishani bila kuinuka. Dalali akafungua chumba ghorofa ya tatu, akawapa ufunguo, akapotelea mvuani bila kuacha namba ya simu.

Usiku ule Kissa akaanza kutetemeka.

"Hii naijua," alisema kulipopambazuka, meno yanagongana. "Hii ni ya kwetu. Nimekuja nayo mwenyewe."

"Malaria."

"Nini kingine? Nipeleke hospitali, kaka."

"Hospitali wataomba pasipoti."

"Si waombe."

"Wakiona viza imekufa wanaita polisi. Unalala mahabusu, unarudishwa, huingii tena nchi hii. Mzigo unabaki kiwandani. Halafu mama ananiuliza mimi."

"Mama atakuuliza tu, hata nikifa humu."

"Hufi. Eugénie hasafiri bila dawa ya mseto. Naenda soko la nguo la Shahe mara moja, narudi."

Kissa akajifunika mpaka masikioni. Cornel akamwekea maji karibu, kisha akafanya kama walivyofanya wenzake wengi wakati ule walipokuwa na mtu asiye na viza: akatoka, akafunga mlango wa chuma kwa nje, kwa kufuli, ili polisi wakipita wadhani wenye chumba hawapo. Anayebaki ndani hawashi taa, hapiki, hakohoi. Kissa aliyajua hayo. Alisikia kufuli likibana.

Chini kichochoroni Cornel hakutazama namba ya nyumba wala kibao cha mtaa. Aliinua macho, kama kawaida yake. Katikati ya nyaya za umeme, karibu kabisa, aliona ghorofa refu lililoviringishwa nyavu za kijani, na juu yake winchi ya njano, mkono wake umenyooka juu ya mapaa na kibendera chekundu kwenye ncha. Basi, alijiambia, nani atapotea chini ya dude kama hilo?

Shahe alimkuta Eugénie, mama wa Lubumbashi mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara, ameketi juu ya marobota ya jinzi akivutana bei na mwenye duka.

"Mei you, mei you," mwenye duka alikuwa anasema. Hakuna, hakuna.

"Anasema hakuna na mimi nimeikalia," Eugénie akasema. Kisha akamwona Cornel vizuri. "Papa Cornel, sura yako iko mubaya. Kuko nini?"

Cornel akamweleza. Eugénie alikuwa ameshafungua mkoba kabla hajamaliza, akatoa boksi la vidonge.

"Anatapika?"

"Bado."

"Na nani iko naye?"

"Yuko peke yake. Nimemfungia."

Mkono wa Eugénie ukasimama hewani na boksi lake. "Umefungia mutu mugonjwa na kufuli? Mais Cornel. Na moto ikiwaka?"

"Polisi wanapita, mama."

"Polisi wanamurudisha mutu kwao na ndege. Wewe utamurudisha na nini?"

Cornel akachukua dawa, akasema asante, akaondoka karibu anakimbia.

Alitokea juu kutoka kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Pazhou jua limeshawaka. Mawimbi yalikuwa mahali pake. Akageuza uso kule kijiji kilikokuwa, akatafuta winchi ya njano. Haikuwapo.

Alidhani ametokea mlango mwingine. Akashuka ngazi, akatokea upande wa pili wa barabara. Winchi zilikuwapo, mji ule ulikuwa hauishiwi winchi, lakini zilikuwa nyekundu. Moja tu ilikuwa ya njano, mbali, kuelekea mtoni. Akaifuata, akapita magari ya zege na mabati ya kuzungushia viwanja, na alipoifikia ikawa haina kibendera, na chini yake hapakuwa na kijiji ila shimo, na wanaume wanasuka nondo.

Akarudi alikotoka. Akaingia kijijini kwa mdomo wa kwanza aliouona. Kichochoro chenye bata wa kuchoma wananing'inia, kinyozi, maji yanadondoka kutoka juu, nyaya. Akatokea kwenye kichochoro kingine: bata, kinyozi, maji, nyaya. Akaita jina la dada yake kwa sauti ya chini, kwa sababu ya polisi. Akaita kwa sauti ya kati. Mwisho akawa anaita kama mtu aliyefiwa, wanawake wakatoa vichwa madirishani. Kila alipotokea nje ya kijiji aliinua macho. Upande mmoja kulikuwa na jengo la vioo linalomeremeta. Silo, akasema, akageuka.

Akapiga simu.

"Kaka," Kissa akaitika. "Umefika?"

"Nipo karibu. Niambie, dirishani unaona nini?"

"Ukuta."

"Wa rangi gani?"

"Rangi ya ukuta. Kaka, usinichoshe."

"Sikiliza basi. Unasikia nini huko nje?"

Akatega sikio. "Mtu anakata nyama kwenye gogo. Na maji. Na mtoto analia, au ni mimi."

"Gonga mlango, Kissa. Piga kelele, majirani waje wavunje."

"Ulisema nisikohoe."

Simu ikakatika. Alipopiga tena, mwanamke wa kwenye mtambo akamweleza jambo kwa Kichina, kwa upole sana.

Hapo ndipo Ramani alipouliza njia. Alimfuata muuza matunda, akaonyesha juu, akanyoosha mkono mmoja kama winchi, akauzungusha taratibu. Muuza matunda akamtazama mkono, akatazama juu, akatazama mapapai yake. "Mei you," akasema. Wateja wawili wakacheka. Cornel akarudia, na mmoja wao akauigiza mkono ule kwa ajili ya wenzake. Cornel angeweza kumpiga, lakini hakuwa na nafasi hiyo.

Akafikiri: huku chini hakuna kinachoonekana. Nipande.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na ofisi ya kuuza fleti za ghorofa ambalo lilikuwa bado linajengwa nyuma yake. Zulia jekundu, maputo, vioo. Mlinzi alimwona mtu mweusi mwenye koti anatoka jasho kama mwenye haraka ya kununua, akamfungulia mlango. Binti mwenye sketi nyeusi akaja mbio.

"Laoban, bosi, karibu," akasema kwa Kiingereza cha kuokoteza, kama cha Cornel mwenyewe. "Wewe Afrika? Unanunua ya kuishi au ya kupangisha?"

Cornel hakumjibu. Katikati ya ukumbi palikuwa na meza kubwa yenye mji mzima juu yake, mdogo, umefunikwa kioo. Pembe ilikuwapo. Mawimbi yalikuwapo. Kiuno kilikuwa kimekwisha kabisa, kina vitaa vinavyobadilika rangi. Cornel akainama, akafuata barabara kwa kidole kutoka kituo cha treni mpaka pale kijiji kilipotakiwa kuwa. Palikuwa na majani mabichi, vimiti vya plastiki, kidimbwi, na kimwanamke kinasukuma kigari cha mtoto.

"Hapa," akasema, kidole juu ya kioo. "Hapa pana watu."

"Sasa hivi pachafu kidogo," binti akasema. "Usijali. Watavunja. Baadaye bustani."

"Dada yangu yumo hapa."

"Dada pia anunue," binti akafurahi. "Mkinunua wawili tunapunguza."

Cornel akanyoosha kidole darini. "Juu. Nataka kuona juu."

Akavishwa kofia ngumu, wakapanda kizimba cha chuma kilichokuwa kinatambaa nje ya ukuta. Ghorofa baada ya ghorofa hazikuwa na kitu, saruji tupu na upepo. Kisha wakatokea kwenye fleti moja iliyokamilishwa kwa ajili ya maonyesho, kitanda kimetandikwa, matunda ya plastiki mezani. Cornel akapita vyote, akaweka paji la uso kwenye dirisha.

Kijiji chote kilikuwa chini yake, kidogo, kama kiraka. Matangi ya maji, nguo zimeanikwa, mapaa yamebanana hata vichochoro havionekani. Na ukingoni mwake lilisimama lile jengo la vioo. Nyavu za kijani zilikuwa zinaanguka kutoka ubavu wake wa mwisho, mafundi wanaziachia zinashuka kama shuka. Chini, uani kwake, vilikuwa vimelazwa vipande virefu vya chuma cha njano, kimoja kando ya kingine, na kwenye kipande chembamba kuliko vyote kibendera chekundu kilikuwa bado kimefungwa.

Jengo lilikuwa limekwisha. Wakati yeye yuko Shahe walikuwa wameshusha mkono wa winchi na kulivua nguo. Alikuwa amepita chini yake, akalitazama usoni, akasema silo.

"Laoban, unapenda?" binti akauliza nyuma yake. "Chumba cha kulala kinatazama bustani."

"Nishushe," Cornel akasema. "Tafadhali. Nishushe."

Hakurudisha kofia. Alikimbia nayo kichwani mpaka nyuma ya jengo la vioo, akaingia kichochoro kilichoanzia pale, akasikia shoka la nyama kwenye gogo, tap, tap, na mlango ukawa pale pale karibu na bucha. Ngazi. Ghorofa ya tatu. Ufunguo ulikataa kuingia kwenye kufuli mpaka alipoushika kwa mikono miwili.

Kissa alikuwa sakafuni, nyuma ya mlango. Alikuwa amejikokota kutoka kitandani. Macho yake yalikuwa ya manjano na midomo imepasuka.

"Ulipita," akasema. "Nilikusikia unaniita."

"Sikukusikia."

"Niliitika, kaka. Nikaitika tena."

Akamwinua, akampa vidonge na maji. Kissa akameza, akakaa kidogo, akavitapika. Akampa vingine. Vikakaa muda wa kutia moyo, kisha navyo vikarudi, na safari hii na nyongo. Akabaki amelegea mikononi mwa kaka yake, anahema kama aliyepandishwa mlima.

Cornel akatazama vidonge vilivyobaki. Akatazama kufuli, ambalo alikuwa bado amelishika.

"Pasipoti yako iko wapi?"

"Chini ya mto. Unataka kuificha?"

"Twende nayo hospitali."

"Watanirudisha."

"Wakurudishe."

"Na mzigo?"

"Kissa, nishike shingo."

Akambeba mgongoni. Kufuli lilianguka njiani kwenye ngazi, na mlango nyuma yao ulibaki wazi. Teksi ya kwanza ilimwona mgonjwa ikaongeza mwendo. Ya pili dereva alitikisa kichwa, "bu xing," haiwezekani. Cornel akasimama mbele ya ya tatu, katikati ya barabara, na Kissa mgongoni, mpaka mlango ulipofunguliwa.

"Usilale," akamwambia. "Tazama nje. Lile jengo?"

"Pembe."

"Na ule?"

"Kiuno. Hakijaisha."

"Na lile la vioo?"

Kissa akalitazama kwa muda. Lilikuwa limefunika kijiji chote nyuma yake. "Silijui."

"Hata mimi. Lipe jina."

Hakulipa. Wakapanda daraja, na ng'ambo ya mto majengo yakaanza kuja kwa wingi, mengine yamevaa nyavu, mengine mifupa mitupu, na Cornel akawa anamuuliza jina la kila moja, kwa sauti inayozidi kupanda, mengi hajapata kuyaona. Lile je? Na lile? Kissa hakujibu tena. Dereva akawatazama kwenye kioo, akakanyaga mafuta.

Kwenye mapokezi ya hospitali, muuguzi alikuwa hajauliza chochote. Cornel aliweka pasipoti ya Kissa juu ya kaunta, akaifungua mwenyewe penye viza iliyokufa, akaisukuma mbele. Mikono yake yote miwili ikarudi nyuma kumshika dada yake asiteleze. Pumzi ya Kissa ilikuwa bado inamchoma shingoni.