Dirisha la Tuhumani na Namba Iliyofichwa

Hebu niambie, mjukuu wangu, simu yako inapokuandikia mia nne na nne badala ya kukuletea kile ulichokiomba, huwa unamshuku nani: unajishuku wewe kwamba umekosea, au unamshuku huyo wa upande wa pili usiyemwona? Usijibu upesi. Vuta mkeka nikusimulie habari za nchi ya Tuhumani, ambako swali hilo nusura ligharimu roho za watu wawili.

Tuhumani ilikuwa nchi ya neema, yenye mto uitwao Minong'ono na mji mkuu uitwao Jicho-Upande, ambamo kila nyumba ilijengwa kwa dirisha jembamba lililolielekea dirisha la jirani. Wenyeji wake walikuwa watu wa adabu na taadhima, wakisalimiana kwa maneno marefu ya kutakiana heri, kisha kila mmoja akaenda zake akijiuliza mwenzake alikuwa na maana gani. Hata mtu akiletewa sahani ya maandazi alifunua kawa polepole, akanusa, na andazi la kwanza akamrushia kuku, akasimama kumtazama huyo kuku.

Katikati ya mji palikuwa na Nyumba ya Amana, jengo la fahari lisiloingiwa na raia. Humo watu walihifadhi walivyovithamini: vitambaa vya harusi, mbegu za mashamba, hata sauti za wazee wao, kwani kwa elimu ya nchi ile mtu aliweza kusema ndani ya kibuyu, kikazibwa kwa nta, na maneno yakakaa humo mpaka atakapokuja mwenye kuyahitaji. Aliyetaka chake alikwenda kwenye dirisha moja lenye pazia la zambarau, akakitaja kwa sauti ya chini, wachukuzi wakaingia ndani kukitafuta. Kisha mngoja dirisha, Bwana Tarakimu, mwenye ndevu zilizochanwa vizuri na uso usiosema neno, alijibu kwa namba, na namba tu, maana waasisi waliamini kuwa namba haina hasira wala upendeleo.

Nao waasisi walizipanga kwa busara, sikiliza vizuri. Mia mbili maana yake chako hiki hapa, kipokee. Mia tatu na moja, kimehamishwa moja kwa moja, na utaelekezwa kilipo. Zile za mia nne zilimrudia mwombaji mwenyewe: mia nne na nne, ulichokitaja hakipo; mia nne na tatu, kipo lakini huna idhini nacho. Na za mia tano, mjukuu wangu, zilikuwa za Nyumba yenyewe kukiri: wewe umeomba sawasawa, huku ndani ndiko kulikoharibika, tuwie radhi.

Ndipo akatawazwa Liwali Sikosei, mtu wa joho refu na subira fupi. Siku ya kwanza tu alimwita Tarakimu. "Nyumba ninayoisimamia mimi haiharibiki," akasema. "Namba za mia tano nisizisikie tena hapo dirishani. Likitokea la kutokea huko ndani, mjibu mtu mia nne na nne, ajitafutie kosa lake." Tarakimu akainamisha kichwa. Basi mia tano ikafutika midomoni mwa watu, vijana wakakua wasijue kwamba iliwahi kuwapo, na wazee walioikumbuka wakanyamaza wasije wakashukiwa. Ikawa desturi: aliyejibiwa namba ya mia nne alirudi nyumbani amejifunika uso, majirani wakiwaingiza watoto ndani, na kutaja tena ombi lake mbele ya watu ikawa ni aibu kubwa.

Katika mji huo aliishi mjane mmoja, Bi Haja, msusi wa vikapu vya kuchujia tui. Marehemu mama yake, Bi Faraja, alikuwa mkunga, na ndiye peke yake aliyejua siri ya wanawake wa ukoo wao, ambao watoto hukaa wamekingama tumboni mwao na hawatoki salama mpaka wageuzwe kwa mkono, kwa namna maalumu. Namna hiyo aliisema ndani ya kibuyu, akakiweka Nyumba ya Amana. Sasa binti wa Bi Haja, Stara, alikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limepanuka ubavuni kama mto wa kulalia, na siku zake zilikuwa zimekaribia.

Bi Haja akaenda dirishani. "Kibuyu cha Bi Faraja binti Wema, chenye nta nyekundu." Alingoja. Ndani kulisikika kishindo, mtu akakohoa vumbi, kisha kimya.

"Mia nne na nne," akasema Tarakimu.

Bi Haja alisimama pale kitambo, akimtazama, kama mtu anayengoja chenji. Akajifunika akaenda.

Njiani akakutana na jirani yake, Bi Chokochoko, mwanamke mwenye masikio ya kutosha mtaa mzima. "Pole shoga," akasema. "Kwa hiyo kibuyu hakipo. Au tuseme hakikuwahi kuwapo? Maana mama yako naye, Mungu amrehemu, alipenda sana kusifiwa."

"Nilikishika mwenyewe, nta ikiwa bado ya moto, shoga."

"Mimi sijasema kitu. Nimeuliza tu."

Kesho yake Bi Haja akarudi, jambo ambalo hakuna aliyethubutu kulifanya, akataja kibuyu kile kile kwa maneno yale yale. Liwali alikwisha kupata habari kwamba mjane anadai kibuyu kipo, na alikwisha kumwagiza Tarakimu amfukuze. "Mia nne na tatu," akajibiwa.

Bi Haja akaweka mkono kwenye kizingiti. "Bwana Tarakimu, jana hakipo, leo kipo ila nimekatazwa. Kama hakipo, nakatazwa nini?"

Nyuma yake watu wakanong'ona kwamba amefanya jambo, la sivyo asingekatazwa. Naye, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakujishuku. Akasema kwa sauti iliyosikika mpaka sokoni, "Dirisha hili linasema uongo."

Askari wa Liwali wakamshika. Alasiri ile akafikishwa mbele ya Kadhi Mizani, ambaye mizani yake ilikuwa na mazoea ya kuinama upande wa Liwali. Baraza likakaa pale pale mbele ya dirisha. Akikutwa na hatia, angezuiwa dirishani maisha yake yote, na kibuyu kingeozea ndani pamoja na salama ya Stara.

"Unajitetea kwa lipi?" akauliza Kadhi.

"Kwa ombi moja dogo, Sheikh. Fimbo ya marehemu baba yako uliiweka humu mbele ya macho yetu, kwa ngoma na udi. Iombe."

Kadhi akatabasamu, maana kwake ilikuwa kazi nyepesi, akasogea akaitaja fimbo. Ndani kukavuma kishindo kile kile, na kile kikohozi cha vumbi.

"Mia nne na nne," akasema Tarakimu, na sauti yake ikakatika mwishoni.

Polepole macho yote ya Jicho-Upande yakamgeukia Kadhi. Mama mmoja akamvuta mwanawe nyuma. Bi Chokochoko akamwinamia wa pembeni yake: "Mimi yule baba yake nilikuwa na wasiwasi naye siku nyingi."

Kadhi akajipapasa kilemba. "Lakini niliileta," akasema. "Mliniona. Mliniona nyote."

"Na mimi nilileta kibuyu," akasema Bi Haja taratibu.

Kadhi akaling'ang'ania pazia. "Tarakimu, nakuuliza kwa kiapo chako. Nimekosea mimi?"

Liwali Sikosei, aliyekaa kando ya Kadhi, akakohoa kikohozi cha onyo. Tarakimu alimtazama, akamtazama mjane, na ule uso wake usiosema neno ukajikunja kama wa mtu aliyevua kiatu kinachombana.

"Mia tano," akasema. "Dari limeanguka tangu masika. Wachukuzi wanachimbua kwa mikono. Hamkukosea, si wewe Sheikh, si yeye, wala wale wote niliowarudisha wamejifunika nyuso."

Liwali alisema hiyo namba haipo katika nchi. Watu walikuwa wakilivunja dirisha ili wapite, na Kadhi akiwa wa kwanza, joho limekunjwa kiunoni, akitafuta fimbo ya baba yake chini ya mchanga na miti ya dari. Kabla ya magharibi nta nyekundu ikaonekana. Wakakivunja kibuyu kitandani kwa Stara, sauti ya Bi Faraja ikatoka kavu na yenye amri kama alivyokuwa, na mikono ya Bi Haja ikaifuata neno kwa neno mpaka mtoto akageuka. Alizaliwa Ijumaa, wa kike, mwenye kelele.

Siku ya arobaini akaja mgeni asiyetarajiwa, Bwana Tarakimu, amebeba sahani ya maandazi. Bi Haja akafunua kawa, akachukua moja akala, bila kumtafuta kuku.

"Bi Haja," akasema mgeni, "nimekaa dirishani umri wangu wote nikijibu, sijapata kumuuliza mtu. Wewe hasa ulitaka nini?"

Bi Haja akampakata vizuri mjukuu wake, akamfuta mdomo.

"Kibuyu nilikitaka, hilo unalijua. Lakini siku ile ya kwanza nilisimama pale, unakumbuka? Nilitaka uniambie, 'Mama, huku kwetu kumeharibika.' Basi. Ningefunga kanga yangu, nikaingia ndani kuwasaidia kuchimbua."