Nyumba Ilipoufuata Mstari wa Bluu

Saa nne na robo asubuhi, mama mkwe alikuwa amepiga magoti sakafuni, mkono mmoja kiunoni mwa mkaza mwana wake, wa pili umeshika simu. Mtoto alikuwa ametanguliza miguu, na mkunga wa mtaa alishasema huyu si wa kuzaliwa nyumbani. Gari la wagonjwa lilikuwa limesimama barabara kuu, mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

"Mama, nina ramani tatu kwenye simu," dereva alisema. "Ya kwanza inasema hapo kwenu pana mto."

"Mto? Basi mimi nimeanika nguo mtoni."

"Ya pili inasema kiwanja kitupu."

"Na ya tatu?"

"Inaniambia nigeuze nirudi nilikotoka."

"Hiyo haina adabu. Wewe njoo tu, baba, nitakuelekeza."

"Siwezi, mama. Gari likitoka nje ya mstari wa bluu wa ramani, ofisini wanazima injini. Na niko peke yangu, machela haibebwi na mtu mmoja."

Mkaza mwana aling'ata shuka. Hata hatua moja hakuiweza. Mama mkwe akashusha masufuria rafuni, akafunika ndoo ya maji, akafunga kwa kamba dirisha lenye komeo bovu. Kisha akaupapasa mwimo wa mlango.

"Haya, mwenzangu, inuka. Taratibu, kuna mgonjwa ndani."

Nyumba ikainuka, upande wa kushoto kwanza, maana kulia msingi ulikuwa umeshika zaidi. Ikashuka uchochoroni na vyumba vyake viwili, ikijibana mabega.

"Shoga, mnahama?" jirani akauliza, huku akiwaondolea kamba ya nguo.

"Tunamsindikiza mkwe tu."

"Haya, angalieni mtaro!"

Nyumba ikauruka mtaro. Sufuria moja tu ndiyo iliyolia. Mtaa mzima ukapiga vigelegele. Dakika sita baadaye ikaketi barabara kuu, juu ya mstari wa bluu, kizingiti sawasawa na mlango wa gari.

"Karibuni," dereva akasema, akavuta machela.

Saa saba, hospitalini, mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, alilia mpaka wauguzi wa chumba cha pili wakachungulia. Bibi yake akacheza korido nzima, viatu mkononi.

Kesho yake nyumba ilikuwa bado pale barabarani; dereva alipita kuwajulia hali, akafungua simu. Ya kwanza: mto. Ya pili: kiwanja kitupu. Ya tatu peke yake ndiyo iliyokuwa imeiona nyumba, ikaiwekea alama nyekundu: "Kizuizi barabarani. Tarajia kuchelewa dakika mbili."

Ijumaa nyumba ya jirani, ambaye binti yake alikuwa ameingia mwezi wa tisa wa ujauzito, ikashuka nayo, ikaketi kando ya ile ya kwanza. Ramani ikaandika dakika nne.