Saini ya Cyril

"Mama huyu ni nani?" Cyril alimuuliza wakili, akimwonyesha mkewe kwa ncha ya kalamu.

Avis alikuwa amepiga magoti miguuni pa mumewe, pini mbili mdomoni, akipandisha pindo la suruali. Cyril alikuwa amekonda mno tangu Krismasi, suruali zote zilimpwaya na kuburura chini. Kwa miaka arobaini na mitano Avis alirekebisha nguo za watu wa Worthing, mji wao wa pwani ya Uingereza: magauni ya harusi, sare za shule, makoti ya marehemu ambayo wajane walitaka yawatoshe watoto wao. Alizitoa pini taratibu, akazichomeka kwenye kola ya blauzi yake.

"Ni Avis, mzee," akasema wakili, Bi Solanki. "Mkeo."

Cyril akacheka. "Acha utani, binti. Avis yuko kazini."

Nyumba hii ya ghorofa ya tatu waliinunua walipooana, lakini kwa mkataba wa miaka ya kuhesabu. Miaka ikiisha, jiko, chumba na dirisha la kutazama bahari vingerudi kwa mwenye jengo. Ilibaki tisa. Mwenye jengo alikwisha kukubali kuongeza tisini. Zilihitajika saini mbili tu, kabla ya saa kumi na moja jioni ya leo. Muda ukipita, ombi lingehesabiwa limefutwa, na kuanza upya ni baada ya mwaka mzima.

Saini ya Avis ilikuwa imekwisha kauka.

Zamani Cyril mwenyewe ndiye aliyehimiza. "Tuongeze ile miaka, mpenzi." Naye Avis, mguu kwenye cherehani, akamjibu, "Tuongeze ya nini? Tutakuwa tumeshakufa." Wakacheka wote wawili. Sasa Avis ana miaka sabini na miwili, na daktari anamwambia moyo wake ni wa msichana.

"Mzee," akasema Avis, akijilazimisha kutabasamu, "mkeo kanituma. Kasema utie saini hapo chini."

Cyril alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemwonea haya mwongo. "Samahani, mama. Avis hatumi mtu. Akiwa na neno huniambia mwenyewe. Na hii nyumba ni yetu sote, siwezi kusaini chochote bila kumuuliza."

Bi Solanki aliinamisha kichwa. "Siwezi kumsainisha asiyejua anachosaini, mama," akanong'ona. "Itabidi twende mahakamani tuombe wewe usaini kwa niaba yake. Itachukua miezi."

"Nipe dakika tano."

Avis akavaa koti lake la kazini, akachukua mkoba, akatoka na kufunga mlango. Alisimama kwenye ngazi. Akajipaka rangi ya mdomo bila kioo. Kisha akabonyeza kengele, kwa nguvu, mara mbili, kama alivyozoea siku alizosahau ufunguo.

Cyril ndiye aliyefungua, mguu mmoja wa suruali umepandishwa, mwingine unafagia sakafu.

"Nimerudi, Cyril," akasema Avis.

Cyril alitazama koti, akatazama mkoba. Kwa nukta moja uso wake ulifunguka kidogo, kama aliyetaka kumtambua.

"Unamtafuta Avis?" akasema. "Hajarudi, mama. Lakini ingia. Hapo nje baridi."

Ndani, Bi Solanki alikuwa akirudisha karatasi kwenye bahasha, polepole, bila kuinua macho. Cyril akajisogeza kwenye kochi kumpa mgeni nafasi. Avis akaketi kando yake, koti mwilini, mkoba mapajani.

"Hachelewi kwa kawaida," Cyril akamwambia. "Utampenda."

"Najua," akasema Avis.

Chini kabisa mlango wa jengo ulifunguliwa, na nyayo zikaanza kupanda ngazi. Cyril akainua kidole wanyamaze. Akalainisha nywele zake kwa kiganja, akakaa wima, akaukodolea macho mlango.